Kumwagilia maua ya kudumu yaliyopandwa Septemba, kabla ardhi haijaganda

Huku Minnesota na majimbo jirani ya Marekani, miche ya maua ya kudumu (yanayochipua tena kila mwaka) hushuka bei ifikapo Septemba, na ni wakati mzuri wa kupanda: jua limepoa, udongo bado una joto. Hosta, pioni au ekinasea huhitaji wiki 6 hivi kushika mizizi kabla ardhi haijaganda, na ardhi ya Minneapolis, mji wa Minnesota, huganda kwa kawaida mwishoni mwa Novemba au mapema Desemba. Tatizo ni kwamba majani yakishanyauka, watu hukunja mpira wa maji. Juu mche umelala kweli, lakini chini mizizi huendelea kukua maadamu udongo una nyuzi joto 5 za Selsiasi au zaidi. Miche mingi inayosemwa imeuawa na baridi iliingia kwenye baridi hiyo ikiwa na kiu.

Kinachowapotosha wengi ni bonge la mizizi. Udongo wa kitalu uliotoka na mche kwenye chungu ni mwepesi, umejaa mboji na maganda ya miti, na hukauka mapema kuliko udongo wa bustani unaouzunguka. Ukikauka kabisa hukataa maji: unamwaga, yanateleza pembeni na kuzama kwingine, huku bonge likibaki kavu katikati. Kwa hiyo kupapasa udongo ulio kati ya mche na mche hakusaidii kitu. Chomeka kidole karibu na shina, ndani ya bonge lenyewe, sentimita 5 hadi 8. Pakiwa pakavu, mwagilia. Pakiwa na unyevu kama sifongo iliyokamuliwa, acha.

Mche uliotoka kwenye chungu cha lita 4 upe lita 2 hadi 3 kwa mara moja. Mwaga nusu taratibu shinani, subiri dakika 10, kisha malizia. Bonge lililokauka linahitaji muda huo ili lilainike na kuanza kunywa. Baada ya saa moja chomeka bisibisi ndefu kando ya mche. Ikizama kwa urahisi sentimita 15 hadi 20, maji yamefika. Ikikwama njiani, hapo ndipo ukavu unapoanzia, na lazima uongeze.

Wiki mbili za kwanza kagua kila baada ya siku 2 au 3. Baadaye mara moja kwa wiki hutosha, ukihesabu na mvua: milimita 25 kwa wiki, yaani lita 25 kwa kila mita ya mraba. Weka kipimamvua, maana manyunyu yanayolowesha majani tu hayahesabiki. Udongo wa kichanga hudai maji kidogo kidogo ila mara kwa mara. Wa mfinyanzi hukaa na maji muda mrefu, na hapo kosa la kawaida ni kuzidisha. Lavanda na sedamu ndizo za kuonea wasiwasi zaidi: zikilala kwenye tope, shingo ya mche, yaani pale shina linapokutana na mizizi, huoza kabla ya masika.

Jalidi zikianza, ngoja asubuhi ziyeyuke na hewa ipite nyuzi 4, ili maji yazame kabla ya usiku. Usiloweshe majani wala kuacha dimbwi shingoni. Likiganda hapo, huumiza machipukizi ya mwaka ujao. Mwagilia mara ya mwisho, kwa kina, siku chache kabla ardhi haijaganda. Udongo wenye unyevu hutunza joto kuliko mkavu, kwa hiyo hupoa polepole. Uso ukishakuwa mgumu, acha: maji hayazami tena.

Matandazo ya sentimita 5 yawekwe mara tu baada ya kupanda, yasiguse shina. Yale mazito, sentimita 10 za majani makavu au nyasi kavu, yasubiri ardhi igande kwanza. Kazi yake si kuupasha mche joto bali kuzuia ardhi isiyeyuke na kuganda tena na tena, hali inayousukuma mche juu mpaka mizizi inaachwa wazi. Ukikuta umeinuka, ushindilie kwa mkono taratibu, kisha funika.

Kabla ya baridi kali, fungua mpira na uumwage maji yote, funga valvu ya ndani ya nyumba, kisha acha bomba la nje wazi litiririke hadi likauke, la sivyo litapasuka. Kuanzia hapo tumia ndoo. Kwa walio Denver, jimbo la Colorado, ambako majira ya baridi huwa makavu, ndoo hiyo ina kazi hadi Machi: mara moja au mbili kwa mwezi, adhuhuri, siku ambayo ardhi haina theluji wala haijaganda na hewa ikiwa juu ya nyuzi 4.