Nomino za Kiingereza: pale tunaponaswa na wingi

Juzi nilikaa na mdogo wangu akiandika barua ya kuomba kazi. Kiingereza chake si kibaya, ila aya ya kwanza peke yake ilikuwa na "informations", "an advice" na "equipments". Nilianza kucheka, kisha nikajizuia. Mimi mwenyewe niliwahi kurudishiwa ripoti ambayo neno hilo hilo, "equipments", lilizungushiwa wino mwekundu karibu kila ukurasa. Information, advice na equipment hazina wingi wala hazichukui a/an. Hizi hapa hatua tano za kuzishika nomino za Kiingereza.

Hatua ya 1: Nomino za pekee

Watu, mahali, siku, miezi, lugha: herufi kubwa mwanzoni, kama Monday, April na English. Kiswahili hufanya vivyo hivyo. Twende mbele.

Hatua ya 2: Nomino dhahania

Ni majina ya mambo yasiyoshikika. Kiswahili mara nyingi huzitambulisha kwa U- au W- mbele, Kiingereza mara nyingi huziwekea mkia nyuma. Uhuru ni freedom, urafiki ni friendship, uwezo ni ability, wema ni kindness. Jifunze mikia (-dom, -ship, -ity, -ness) na uachane na kukariri orodha ndefu.

Hatua ya 3: Inahesabika au haihesabiki?

Hapa kaa chini. Wengi tulifundishwa kujiuliza, "Je, kitu hiki naweza kukihesabu?" Swali hilo lilinipotosha miaka. Viti vitatu na meza moja navihesabu bila shida, lakini furniture (samani) haina wingi. Kiingereza kinaichukulia furniture kama sisi tunavyouchukulia unga. Hakuna asemaye "unga tatu". Tunasema kilo tatu za unga. Basi na wao husema three pieces of furniture, a piece of advice, two items of news.

Mtego wa pili uko kwenye ngeli zetu. Maji yamemwagika, maziwa yameganda: upatanisho wa YA- unakuvuta uandike "the water are". Andika the water is, the milk is. News nayo isikudanganye kwa ile s ya mwisho, ni the news is good. Police ni kinyume chake, haina s lakini ni the police are.

Tatu, kuna maneno yenye sura mbili. Experience ikiwa uzoefu wa kazi haihesabiki. Experiences ni mambo yaliyokupata maishani. Kwa hiyo kwenye barua ya kazi andika five years of experience. Paper ni karatasi tu, lakini a paper ni gazeti au makala ya kitaaluma.

Utajuaje sasa? Fungua kamusi ya wanaojifunza Kiingereza. Ile ya Cambridge iliyo mtandaoni huweka C kwenye nomino inayohesabika na U kwenye isiyohesabika. Ukikuta zote mbili, soma mfano wa kila maana kabla ya kuchagua. Programu za kutafsiri sizitaki kabisa kwa kazi hii: zitakwambia advice ni ushauri, basi, zikuache hapo hapo. Na kwenye daftari usiandike advice peke yake. Andika a piece of advice, neno na kipimo chake, ili vikae kichwani pamoja.

Hatua ya 4: Maneno yanayoandamana nazo

Zenye C huchukua a/an, many, few. Zenye U huchukua much na little, bila a/an. Ukiikosea hatua ya 3, hii itaharibika yenyewe.

Hatua ya 5: Nomino za jamii

Hizi hutaja kundi: team, family, committee. Marekani huandika the team is. Uingereza utakutana pia na the team are, hasa wanapowafikiria wachezaji mmoja mmoja. Zote sawa, mradi usizichanganye ndani ya barua moja. Mimi hubaki na is.