Dakika tano kabla nyumba haijaamka

Desemba nyumba imejaa wageni na ada za Januari zinanyemelea. Ili utulie kwa zoezi la kupumua, amka dakika 10 kabla ya wengine, simu iache chumbani. Keti kibarazani, mgongo wima, mabega yalegee. Vuta pumzi kwa pua ukihesabu sekunde hadi 4, itoe taratibu hadi 6. Hizo ni pumzi 6 kwa dakika. Endelea dakika 5. Pumzi ya kutoka ndiyo yenye kazi, maana hapo mapigo ya moyo hupungua. Wengi hukosea kwa kuvuta kwa nguvu: hewa ukaa hupungua mno mwilini, wakapata kizunguzungu na ganzi vidoleni. Likitokea hilo, acha kuhesabu, pumua kawaida. Mawazo ya madeni yatakuja tu. Usigombane nayo, anza tena moja.