Kukagua mafuta ya ndege ndogo kabla ya kuruka kutoka Dodoma
Usiitegemee geji peke yake, hata kwa safari fupi ya Singida: fungua kifuniko cha kila tangi na upime mafuta kwa kijiti. Kisha kinga sampuli kutoka chini ya tangi. Petroli ya ndege aina ya 100LL ina rangi ya buluu, na maji, ambayo ni mazito kuliko petroli, hutuama chini yake. Kwa kuwa uwanja wa Dodoma uko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, rubani asiyepunguza petroli kwenye mchanganyiko wake na hewa huteketeza mafuta kupita makadirio. Injini ikizimika angani, kwanza shika mwendo salama wa kuteremka bila injini, ndipo uhamie tangi lenye mafuta.