SOMO: Kupanga hoja katika utafiti wa akina mama wafanyakazi

Wengi mnaoandika tasnifu hapa Tanga mna data nzuri ila zimepangwa vibaya. Unamhoji mama anayeanika singa (nyuzi za mkonge) kwenye korona, yaani kiwanda cha kuchakata mkonge, anakupa maneno mazito, halafu unayazika ukurasa wa 61. Leo tuangalie mpangilio, ule ambao wana balagha, wataalamu wa ufundi wa kushawishi kwa maneno, wamekuwa wakibishania tangu Aristotle.

Hatua ya 1: Jua unamwandikia nani. Sura tano za chuo hazina mjadala, ziache kama zilivyo. Unachoweza kupanga ni mtiririko ndani ya kila sura, na ule muhtasari wa kurasa mbili unaompelekea meneja wa kazini kwa hao akina mama. Meneja hasomi zaidi ya hapo.

Hatua ya 2: Fungua na pengo. Futa "Tangu enzi za mababu, mwanamke amekuwa nguzo ya familia." Weka hivi:

"Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa mama siku 84 za likizo ya uzazi yenye malipo. Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto anyonye maziwa ya mama pekee kwa miezi 6. Utafiti huu unauliza pengo hilo linazibwa na nani."

Ongeza kwamba likizo inaweza kuanza wiki 4 kabla ya tarehe ya kujifungua, na pengo linazidi kupanuka. Msomaji tayari ana swali kichwani, na hujamwomba huruma.

Hatua ya 3: Pingamizi lije mapema. Hapa ndipo wengi wanapoangukia. Meneja ana lake moyoni: "Hawa wakishazaa wanakosa kazini kila mara." Ukilinyamazia, atasoma kurasa zote mbili akikubishia kimoyomoyo.

Mwaka 1945 mwanasaikolojia Carl Hovland na wenzake waliwasikilizisha askari wa Marekani hoja kwamba vita na Japani vitachukua muda mrefu. Kundi moja lilipewa hoja za upande mmoja, jingine likatajiwa na za upande wa pili. Waliokuwa wakikubali tangu mwanzo walivutwa zaidi na upande mmoja. Waliopinga, pamoja na waliosoma zaidi, walivutwa na pande mbili. Meneja wako ni wa hawa waliopinga.

Kwa hiyo liandike pingamizi lake kwa nguvu zake zote, kama angeliandika mwenyewe, kisha ulijibu kwa daftari la mahudhurio. Daftari likionyesha kweli wanakosa, sema, kisha onyesha ni siku zipi na kwa nini: kliniki, mtoto kuugua, dada wa kazi kaondoka. Hapo ndipo umlete mwanasosholojia Shelley Correll na wenzake (2007): waliwapa watu wapime wasifu wa kazi wenye sifa sawa, tofauti ikiwa ni mzazi au si mzazi, na mama akakadiriwa uwezo mdogo na mshahara mdogo. Baba hakuadhibiwa hivyo. Utafiti huo ni wa Marekani. Usiufanye uwe wa Pongwe, hapa kwetu Tanga.

Hatua ya 4: Hoja nzito mbele. Quintilian, mwalimu wa balagha wa Roma ya kale, alitaja mpangilio uliopewa jina la Nestor, mzee wa vita katika utenzi wa Homer: nzito mwanzo na mwisho, dhaifu katikati. Kwa maandishi mimi siufuati, maana msomaji mwisho wenyewe haufikii.

Hatua ya 5: Mapendekezo. Anza na lisilo na gharama mpya. Muda wa kunyonyesha, usiozidi saa 2 kwa siku, umo kwenye sheria tayari.

MASWALI YA WANACHAMA

*Shikamoo mwalimu. Wahojiwa wangu ni mama lishe wa Ngamiani. Siku 84 zinawahusu?*

Marahaba. Hapana, hizo ni za mwajiriwa. Pengo lako ni jingine: siku asipopika hakuna anayemlipa, na wateja wanahamia meza ya jirani. Fungua na hesabu ya siku moja, unga, mkaa, faida, kisha uulize alirudi jikoni mtoto akiwa na wiki ngapi.

*Kaka, kupangapanga huku si kumchezea msomaji?*

Ukiondoa tokeo lisilokupendeza, ndiyo, umemchezea. Sura ya nne, ile ya matokeo, ibebe yote. Kuchagua kipi kitangulie ni haki yako, na hata anayedai hapangi kitu ameshapanga.

*Kwenye kutetea tasnifu je? Tunapewa dakika chache tu.*

Hapo mrudie Nestor. Jopo limekaa, haliwezi kukufunga kama ukurasa, na wataanza kuuliza kutokana na lile walilolisikia mwisho. Hakikisha ni lile unaloliweza.