Proposo ya masters: anza na swali, dodoso baadaye

We unayeanza proposo, yani andiko la mpango wa utafiti wako, usikimbilie kutengeneza dodoso (fomu ya maswali) kabla hujajua unauliza nini, hapo ndo wengi wanakwama na supavaiza anarudisha kazi imejaa wino mwekundu. "Mikopo na wanawake Tanzania" hiyo sio mada, ni bahari. Ibane: mama lishe wa Soko la Mabibo wanaokopa vikoba wanarejeshaje mkopo msimu wa mvua? Sasa umejua uende wapi, uongee na nani. "Wanarejeshaje" inataka mahojiano, kaa na watu 15 au 20 uwasikilize vizuri, ila ukiuliza "wangapi wanachelewa" ndo unaenda kwenye dodoso na sampo, yani watu wachache unaowachagua wawakilishe wote. Kujua sampo iwe na watu wangapi, wengi tunatumia fomula ya Yamane ya 1967, unachukua idadi ya wote unagawa kwa 1 jumlisha idadi hiyo mara 0.05 mara 0.05 (0.05 ni kiwango cha makosa unachokubali), yani wakiwa 1,000 unapata 286.

Dodoso lijaribu kwanza kwa watu wachache, utashangaa wanavyoelewa maswali tofauti.

Sura ya pili, ile ya kupitia tafiti za wengine, usiandike fulani kasema hivi, fulani kasema vile, panga kwa hoja: nani wanakubaliana, nani wanapingana, na we unaingilia wapi.