Somo: Kuandaa Siku ya Taaluma na Ajira Chuoni, kwa Viongozi wa Wanafunzi

Somo hili nimeliandika kwa ajili ya wanafunzi walioingia karibuni katika serikali za wanafunzi za vyuo vikuu vya Tanzania na kukabidhiwa jukumu la kuandaa siku ya taaluma na ajira. Nililibeba jukumu hilo kwa miaka 2 katika chuo kimoja cha Dar es Salaam, mwaka wa kwanza nikiwa msaidizi na wa pili nikiwa mwenyekiti wa kamati. Shughuli yetu ya kwanza ilipendeza sana kwenye picha, lakini haikumfaa karibu mtu yeyote: mgeni rasmi alichelewa kwa saa 2, hotuba zikafuatana hadi adhuhuri, na muda wa maswali ukaishia kwenye foleni ya chakula. Hatua zifuatazo zimetokana na yale tuliyoyabadilisha mwaka uliofuata.

Hatua ya kwanza: Kusanyeni maswali kabla ya kualika mtu

Kamati nyingi huanza kwa kuorodhesha kampuni kubwa, na hapo ndipo shughuli inapoharibika mapema. Anzeni na wawakilishi wa madarasa, kila mmoja alete maswali yaliyoandikwa na wenzake bila majina. Mtagundua kwamba kila fani ina kiza chake. Mwanafunzi wa sheria anajua kuwa hawezi kuwa wakili bila kupitia Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo (Law School), ila hajui shahada yake itamfikisha wapi ikiwa uwakili haumvutii. Wa uhandisi amesikia kuhusu Bodi ya Usajili wa Wahandisi, lakini hajaelewa kwamba baada ya kuhitimu husajiliwa kwanza kama mhandisi mhitimu, na kwamba hupata uzoefu wa kazi wa miaka isiyopungua 3 kabla ya kutambuliwa kuwa mhandisi mtaalamu. Wa uhasibu huuliza ni masomo gani ya mitihani ya NBAA, yaani Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu, atakayosamehewa.

Swali gumu kuliko yote hutoka kwa wanafunzi wa lugha, historia na sosholojia, nalo ni fupi: kazi yetu iko wapi? Lipeni swali hili nafasi kubwa kuliko mnavyofikiri linastahili. Kiswahili kilikubaliwa kuwa lugha rasmi ya SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika, mwaka 2019, na Umoja wa Afrika ukakipitisha kuwa lugha ya kazi mwaka 2022, lakini mwanafunzi wa isimu hawezi kuila habari hiyo. Anachohitaji ni kukaa na mkalimani, au mhariri, au mwalimu anayewafundisha wageni Kiswahili, amweleze alivyompata mteja wake wa kwanza na alivyopanga bei.

Hatua ya pili: Chagueni tarehe kwa kalenda ya mwanafunzi

Wakati unaofaa ni wiki ya 4 hadi ya 7 ya muhula wa pili, kabla wanafunzi hawajakamilisha maombi ya nafasi za mafunzo kwa vitendo, maana wengi hupata mlango wa ajira huko huko field. Epukeni wiki za majaribio, na msithubutu kusogelea mitihani ya mwisho wa muhula.

Hatua ya tatu: Kibali na fedha

Barua ya maombi ipitie kwa Mshauri wa Wanafunzi angalau miezi 2 kabla, ikiwa imeambatanishwa na ratiba, makisio ya gharama na majina ya taasisi mnazokusudia kuzialika. Fedha ya mfadhili isipite kwenye simu ya kiongozi yeyote hata kwa siku moja. Katika vyuo vya umma iombeeni kumbukumbu namba ya malipo (control number) kutoka ofisi ya uhasibu, ili mfadhili alipe moja kwa moja chuoni nanyi mbaki na stakabadhi. Nimeona kamati ya watu waaminifu kabisa ikishindwa kujitetea kwa sababu tu laki chache zilipita kwenye akaunti ya mtunza hazina.

Hatua ya nne: Wageni

Mkurugenzi ana heshima yake, lakini aliomba kazi zamani, katika soko ambalo halipo tena. Kwa hiyo katika kila barua ya mwaliko tuliomba watu 2: afisa rasilimali watu, na mwajiriwa mwenye uzoefu usiozidi miaka 3 ambaye, ikiwezekana, alisoma chuoni kwetu. Huyu wa pili ndiye aliyezungukwa na wanafunzi hadi jioni, kwa kuwa aliweza kusema usaili ulikuwaje, alikosea wapi mara ya kwanza, na siku yake ya kazi inaanza saa ngapi. Alikeni pia Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, wawaoneshe wanafunzi namna ya kujaza wasifu wao kwenye mfumo wake wa maombi, pamoja na TaESA, ofisi ya serikali ya huduma za ajira. Msiwasahau waliojiajiri, ila mchague anayekubali kutaja hasara zake.

Hatua ya tano: Siku yenyewe

Hotuba ya ufunguzi isizidi dakika 15, nayo itolewe hata kama mgeni rasmi hajafika. Yupo kiongozi wa chuo atakayeifungua. Baada ya hapo pangeni meza kwa fani, kila meza mgeni mmoja na wanafunzi wasiozidi 10 kwa dakika 20, kisha kengele ipigwe wahame. Kila meza iwe na mwanakamati anayeandika maswali na majibu, na mwingine awe na kazi moja tu ya kuangalia wanafunzi wa mwaka wa kwanza waliosimama ukutani, awapeleke mezani. Meza ya kukagua wasifu iwekwe pembeni penye utulivu, kwa sababu hakuna anayependa makosa yake yasomwe mbele ya foleni.

Hatua ya sita: Baada ya shughuli

Ndani ya wiki moja tumeni barua za shukrani, sambazeni majibu yaliyoandikwa, na mkabidhi kwa Mshauri wa Wanafunzi jalada lenye barua, hesabu na orodha ya taasisi zilizokuja na zilizokataa pamoja na sababu zake. Uongozi wa wanafunzi ni wa mwaka mmoja, na pasipo jalada kila kamati huanza sifuri.

Maswali ya viongozi wa wanafunzi

Swali: Shikamoo kaka. Benki moja imekubali kugharamia mahema na chakula, ila inataka kila atakayehudhuria afungue akaunti. Tukubali?

Jibu: Marahaba. Wapeni meza yao na muwashukuru, lakini sharti hilo likataeni kwa maandishi. Mwanafunzi amekuja kuuliza kuhusu kazi, asigeuzwe kuwa mteja mlangoni.

Swali: Je, tunaweza kuwapa waajiri orodha ya wanafunzi pamoja na namba zao za simu?

Jibu: Msifanye hivyo bila ridhaa ya kila mmoja. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 imeanza kutumika tangu Mei 2023, na kamati inayokusanya taarifa za watu haiko nje yake. Wekeni kwenye fomu sehemu ya kukubali au kukataa, na mweleze taarifa zitakwenda kwa nani.

Swali: Chuo chetu kipo mkoani, na kampuni za Dar es Salaam hazijibu barua zetu. Tufanyeje?

Jibu: Anzeni na waliopo karibu: halmashauri, hospitali ya mkoa, ofisi ya TRA, SIDO (shirika la viwanda vidogo), chama kikuu cha ushirika, redio ya mkoa, wakandarasi wa barabara. Wa mbali waombeni dakika 30 kwa njia ya video, na mjaribu mtambo siku moja kabla, na jenereta pia.

Swali: Dada mmoja alijitambulisha kuwa wakala wa ajira za Ughaibuni, akaanza kukusanya ada ya fomu kutoka kwa wanafunzi. Tulishindwa kumzuia kwa sababu alikuwa mgeni wetu.

Jibu: Ugeni wake uliisha pale alipoomba pesa. Kabla ya kumwalika wakala yeyote, thibitisheni usajili wake kwa TaESA, na kwenye barua ya mwaliko andikeni wazi kwamba hakuna fedha itakayopokelewa kutoka kwa mwanafunzi ndani ya viwanja vya chuo. Kwa hilo lililokwisha kutokea, kusanyeni majina ya waliolipa na stakabadhi walizonazo, mziwasilishe kwa Mshauri wa Wanafunzi leo hii, ili shauri lifike polisi kabla namba yake ya simu haijazimwa.