Jinsi ya kutumia emoji katika ujumbe unaowahusu viziwi

Kila inapokaribia tarehe 23 Septemba, Siku ya Kimataifa ya Lugha za Alama, mitandao hujaa emoji za mikono. Nia ni njema, ila mara nyingi tangazo zima halimwambii kiziwi hata jambo moja analolihitaji. Kazi yangu ni kuandaa matangazo ya mikutano na semina ambazo viziwi wanahudhuria, na hizi ndizo hatua ninazofuata.

Hatua ya 1: Ijue 🧏 vizuri

Emoji hii ya kiziwi ilitoka mwaka 2019, pamoja na 🦻, sikio lenye kifaa cha kusaidia kusikia. Apple ilikuwa imepeleka pendekezo mwaka 2018 baada ya kushauriana na mashirika ya watu wenye ulemavu, kikiwemo chama cha kitaifa cha viziwi cha Marekani.

Itazame kwa karibu. Mtu ameelekeza kidole sikioni, basi. Katika Lugha ya Alama ya Marekani, alama ya "kiziwi" ina mwendo: kidole kinagusa karibu na sikio, kisha kinahamia karibu na mdomo. Picha imenasa kipande kimoja tu cha mwendo huo, kwa hiyo asiyejua anaweza kudhani huyo mtu anasikiliza au anawaza. Na kuna tatizo jipya zaidi. Vijana wa TikTok wanaiunganisha na 🤫 kwa mzaha wa kukaza taya unaoitwa "mewing", na wengi wao hawajui kabisa kwamba ni emoji ya kiziwi. Kwa hiyo usiiache peke yake. Weka neno "viziwi" au "lugha ya alama" kando yake, kila mara.

Hatua ya 2: Chagua rangi na jinsia

Bonyeza emoji na kuishikilia, rangi za ngozi zitajitokeza. Ukiwa unazungumzia watu wengi, 🧏 isiyo na jinsia inatosha. Simu za zamani, zile zilizotangulia Android 10 na iOS 13.2, zitaonyesha kisanduku kitupu. Hiyo ni sababu nyingine ya kuandika maneno.

Hatua ya 3: Angalia kidole gumba

🤟 na 🤘 si kitu kimoja. Kwenye 🤟 gumba limenyooka. Mkono huo unaunganisha herufi tatu za alfabeti ya mkono ya Marekani: I ya kidole kidogo, L ya shahada na gumba, Y ya gumba na kidole kidogo. Ni ufupisho wa "nakupenda" kwa Kiingereza. Kwenye 🤘 gumba limekunjwa, nayo ni ishara ya mashabiki wa muziki wa roki. 🤘 ilitangulia mwaka 2015 na 🤟 ikaja mwaka 2017.

Viziwi wa kwetu wanaifahamu 🤟, kwa kuwa lugha ya alama ya Marekani iliingia katika shule nyingi za viziwi barani Afrika. Aliyeongoza kazi hiyo ni Andrew Foster, Mmarekani mweusi aliyekuwa kiziwi, aliyefungua shule Accra mwaka 1957. Itumie kwa upendo na mshikamano, kwenye salamu au pongezi. Usiitumie kumaanisha "mkalimani yupo", maana haisemi hivyo.

Hatua ya 4: Usitunge sentensi kwa mikono

Hapa ndipo wengi wanapopotea. ✌️ inafanana na V, 🤞 na R, 🤙 na Y, lakini alfabeti nzima haipatikani, na J na Z huandikwa kwa kuusogeza mkono hewani. Hata ungezipata herufi zote, bado ungekuwa unatahajia maneno tu. Alama inategemea umbo la mkono, mahali unapowekwa, mwendo wake, na uso. Nyusi zikipanda, sentensi inaweza kuwa swali. Emoji haina uwezo huo.

Makofi ndiyo yanakaribia. Viziwi hushangilia kwa kuinua mikono na kuitikisa, kwa hiyo 👐 inaeleweka. Lakini 🤲 iache: kwa wasomaji wetu hiyo ni dua.

Epuka kabisa 🙉, 🔇 na 🤐. Zinamwonyesha kiziwi kama mtu aliyeziba masikio au aliyefungwa mdomo. Na 🦻 iwe ya habari za vifaa vya kusikia tu, kwa sababu viziwi wengi hawavitumii.

Hatua ya 5: Andika tangazo

Hili halisaidii:

🤟🧏‍♀️👐🦻❤️🤟 Karibuni wote!!!

Hili linasaidia:

Mkutano wa wazazi, Jumamosi saa 3 asubuhi, ukumbi wa shule.
Mkalimani wa Lugha ya Alama ya Tanzania atakuwepo 🧏🏾🇹🇿
Maswali: tuma SMS au video ya WhatsApp 💬

Bendera ina kazi yake, kwani lugha za alama hutofautiana nchi kwa nchi. Ukiwaandikia Wakenya, sema Lugha ya Ishara ya Kenya, ambayo Katiba ya 2010 imeiweka kati ya lugha rasmi za Bunge. Tazama pia mstari wa mwisho: 📞 na namba tupu humfungia kiziwi mlango.

Emoji ziwe chache na zikae mwishoni mwa mstari. Programu za kusomea skrini, kama TalkBack, hutamka jina la kila emoji, na asiyeona hapaswi kusikilizishwa 🤟 mara sita.

Hatua ya 6: Rekodi video

Ukitaka ujumbe wenyewe uwe katika lugha ya alama, mwombe kiziwi anayeimudu arekodiwe. Egemeza simu kwenye chupa ya maji ili mikono yote iwe huru. Mwanga utoke mbele yake, shati liwe la rangi moja iliyo tofauti na ngozi, na picha ichukue kuanzia juu kidogo ya kichwa hadi kiunoni. Usitumie ile video ya duara ya WhatsApp, inakata mikono pembeni. Chini ya video andika maelezo yaleyale kwa Kiswahili, kisha mwonyeshe aliyerekodiwa kabla hujaituma.